Mashine Inaposema Uongo: Kueleza kwa Kiswahili Upimaji wa Vitamini Katika Damu



Katika kurasa hizi tumezoea kujadili isimu, fasihi na mbinu za kufundishia Kiswahili. Mara hii tumeona vyema tuingie maabara, na sababu ni swali la mwanafunzi wetu mmoja, mwenyeji wa Lunyo katika Wilaya ya Busia, Uganda. Shangazi yake alipeleka mtoto kliniki, mtoto akatolewa damu, naye akaambiwa kwamba itapelekwa mbali kupimwa vitamini. Aliporudi nyumbani alimwuliza mwanafunzi huyo, "Hiyo vitamini wanaionaje ndani ya damu? Na wakikosea tutajuaje?" Kijana anasoma Kiswahili na kemia, lakini alikwama. Kila alipoanza kueleza, Kiingereza kilimkatiza kauli. Alipotuletea swali hilo, tulikiri kwamba sisi walimu wake pia tungekwama.

Tulikaa na mafundi wa maabara, tukauliza, tukaandika, tukafuta. Makala haya ni matokeo ya kazi hiyo. Yanaeleza jinsi vitamini zinazoyeyuka katika mafuta zinavyopimwa kwa kromatografia ya kimiminika, hitilafu zinazoweza kutokea, na namna ya kuzitafuta. Mwishoni tunarudi kwenye fani yetu na kuangalia sarufi ambayo ripoti ya hitilafu inaihitaji.

Kwa nini Busia?

Vitamini zinazoyeyuka katika mafuta ni nne: A, D, E na K. Katika ukanda wetu vitamini A ndiyo iliyoshughulikiwa zaidi, kwa kuwa upungufu wake hudhoofisha kinga ya mwili na macho ya watoto wadogo. Ndiyo maana Kenya na Uganda huwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka.

Busia ina historia yake katika jambo hili. Kati ya mwaka 2009 na 2014, mradi wa Mama SASHA uliendeshwa katika maeneo ya Busia na Bungoma, magharibi mwa Kenya, ukiongozwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi pamoja na washirika wake. Mama wajawazito waliohudhuria kliniki walipewa vocha za kuchukulia mbegu za viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Rangi hiyo hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Upande wa Uganda, aina za viazi hivyo zinazoitwa Vita na Kabode zilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 2007. Mtafiti Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao. Wenzake walikuwa Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.

Sasa, mkulima anaweza kuona kiazi chake kina rangi gani. Lakini je, vitamini imefika katika damu ya mtoto? Hilo halionekani kwa macho. Linahitaji kipimo, na kipimo kikikosea, mradi mzuri unaweza kuitwa mbaya, au mtoto mwenye upungufu akarudishwa nyumbani akiitwa mzima.

Kutoka mkononi hadi kwenye mashine

Umbo la vitamini A linalosafiri katika damu huitwa retinoli. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto ana upungufu ikiwa retinoli katika damu yake ni chini ya mikromoli 0.70 kwa lita, yaani takriban mikrogramu 20 katika desilita moja. Tuipige hesabu hiyo kwa namna ya kuishika. Mafundi huanza na mikrolita 100 tu za plazima, ambazo ni kama matone mawili. Katika matone hayo, mtoto aliye kwenye mpaka wa upungufu ana nanogramu 20 za retinoli. Gramu moja ya sukari ukiigawa katika sehemu bilioni moja, chukua sehemu 20. Hicho ndicho kinachotafutwa.

Safari ya damu ina hatua zifuatazo. Kwanza, damu hutolewa kwenye mshipa na kuwekwa katika kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande. Kichupa hufunikwa kwa karatasi ya aluminiamu, kwa sababu mwanga huharibu retinoli na karotini, kisha huwekwa kwenye kisanduku cha baridi. Pili, damu huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe nyekundu zishuke na plazima, ile sehemu ya maji yenye rangi ya manjano, ibaki juu. Plazima ikiwa ya kusubiri, hugandishwa kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri.

Tatu, fundi huongeza ethanoli. Katika damu, retinoli haiogelei peke yake. Imeshikwa na protini inayoibeba. Ethanoli huiharibu protini hiyo, nayo retinoli huachiliwa. Nne, huongezwa heksani, kimiminika chepesi kisichochanganyika na maji. Vitamini hizi hupenda mafuta, kwa hiyo huhama kutoka majini na kuingia kwenye heksani, ambayo huelea juu kama mafuta juu ya mchuzi. Tano, heksani huondolewa na kukaushwa kwa kupulizwa gesi ya nitrojeni. Hewa ya kawaida haitumiki, kwa sababu oksijeni iliyomo ingeziunguza vitamini. Sita, mabaki yale huyeyushwa upya katika methanoli kidogo, na hapo ndipo sampuli inapokuwa tayari kuingia kwenye mashine.

Chaki ya Tswett na foleni ya malori

Neno kromatografia limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: rangi na kuandika. Aliyeliunda ni mtaalamu wa mimea, Mikhail Tswett, mwaka 1906. Alijaza unga wa chaki katika neli ya kioo, akamimina juu yake rangi zilizokamuliwa kutoka kwenye majani, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi. Rangi zilishuka kwa kasi tofauti na kuachana: kijani huku, manjano kule. Miongoni mwa rangi hizo ilikuwamo karotini, ile ile inayofanya kiazi kiwe na rangi ya machungwa. Walimu wenzetu watafurahi kusikia kwamba fani nzima hii ilianzia kwenye chaki.

Mashine za leo hufuata kanuni ile ile. Badala ya neli ya kioo kuna neli ya chuma, ambayo mafundi huiita kolamu, yenye urefu wa sentimita 15 au 25 na upana wa ndani wa milimita 4.6. Imejazwa chembe ndogo sana za silika zilizopakwa nyuzi za kaboni zenye tabia ya mafuta. Pampu husukuma methanoli kupitia humo kwa shinikizo kubwa.

Kwa msomaji wa mpakani, mfano ulio karibu ni malori pale Busia. Yote huingia kwenye kituo kwa wakati mmoja. Lori lenye mzigo mdogo husimama mara chache, nalo hutoka mapema. Lenye mzigo wa kukaguliwa sana huchelewa. Ndani ya kolamu, vitamini inayopenda mafuta kwa kiasi hushikwa kidogo na kutoka mapema. Inayopenda mafuta mno hung'ang'ania na kuchelewa. Retinoli hutangulia, vitamini E hufuata, na beta-karotini hutoka mwisho kabisa. Muda ambao kila moja hutumia ndani tunauita muda wa kutoka, nao ndio utambulisho wake.

Mlangoni pa kutokea kuna kitambuzi, taa yenye jicho. Kila vitamini hunyonya mwanga wa urefu wake wa wimbi: retinoli nanomita 325, vitamini E 292, na beta-karotini 450. Kitu kinapopita na kunyonya mwanga, mstari kwenye skrini hupanda na kushuka, ukichora kilele. Ukubwa wa kilele ndio wingi wa vitamini.

Vitamini D na K hupimwa kwa njia zinazokaribiana na hii, ila wingi wa vitamini K katika damu ni mdogo zaidi na huhitaji kitambuzi chenye hisi kali kuliko hiki.

Hitilafu na namna ya kuzitafuta

Mafundi tuliozungumza nao walisisitiza kanuni moja kabla ya nyingine zote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kolamu, methanoli na taa kwa pamoja anaweza kuitengeneza mashine bila kujua ilikuwa na nini, na juma lijalo ataanza upya. Kanuni ya pili ni kuandika kila jambo katika daftari la mashine. Baada ya hapo, hitilafu zilizo nyingi huangukia katika makundi haya.

1. Shinikizo limepanda. Maana yake njia imeziba mahali fulani. Anza mwisho wa njia, upande wa kitambuzi, ulegeze kiungio kimoja kimoja ukirudi nyuma kuelekea pampu. Pale ambapo shinikizo linashuka ghafla, kizuizi ni hicho ulichokiacha mbele yake. Mara nyingi kosa huwa kwenye kichujio cha mdomo wa kolamu, nalo husababishwa na mabaki ya protini katika sampuli ambayo haikusafishwa vizuri. Dawa ni kubadilisha kichujio, na kinga ni kuzungusha sampuli vizuri kabla ya kuidunga.

2. Shinikizo limeshuka au linacheza. Ama kuna mvujo, ama pampu imemeza hewa. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio, palipovuja patalowa. Kama hakuna mvujo, ondoa mapovu kwenye methanoli na uisafishe pampu. Jambo hili hutokea sana baada ya umeme kukatika na mashine kuwashwa upya kwa haraka.

3. Muda wa kutoka umehama. Hapa jiulize kwanza: vilele vyote vimehama, au kimoja tu? Vikihama vyote kwa pamoja, sababu ni ya wote: kasi ya pampu, joto la chumba, au mchanganyiko wa kiyeyushi. Chumba kikipata joto mchana, vilele huwahi. Ikiwa methanoli imechanganywa na maji na chupa ikaachwa wazi, methanoli hupungua kwa kupepea, sehemu ya maji huongezeka, na vilele huchelewa. Lakini kikihama kimoja tu, shuku kwamba unachokitazama si kile unachodhani. Dunga retinoli halisi peke yake ulinganishe.

4. Kilele kina sura mbaya. Kilele kizuri husimama wima, pande zake mbili zikilingana. Kikiwa na mkia mrefu, huenda kolamu imechakaa au kiungio hakikukaa sawasawa na kimeacha nafasi. Kikipasuka na kuwa pacha, huenda kuna shimo mwanzoni mwa kolamu, au sampuli imeyeyushwa katika kiyeyushi chenye nguvu kuliko kile kinachopita kwenye mashine. Fundi aliyekausha heksani nusunusu huona sura hiyo, kwa sababu heksani iliyobaki huzisukuma vitamini mbele kabla hazijajipanga.

5. Kilele cha mzuka. Hiki ni kilele mahali pasipostahili kuwa na kitu. Dunga sampuli tupu, yaani kiyeyushi kitupu kisicho na damu. Kilele kikiwapo bado, uchafu umo katika kiyeyushi, vichupa au mabaki ya sampuli iliyotangulia. Kikitoweka, kimetoka kwenye damu yenyewe au katika matayarisho yake.

6. Mstari wa chini unatetemeka. Taa imezeeka au kuna mapovu ndani ya kitambuzi. Taa iliyozeeka haikosei jina la vitamini, lakini kilele kidogo huzama katika mitetemo, na watoto wenye upungufu mkubwa ndio wenye vilele vidogo. Kwa hiyo hitilafu hii inawaumiza hasa wale tuliokusudia kuwatafuta.

7. Vilele vinapungua tangu asubuhi hadi jioni. Dunga tena sampuli ya kwanza ya siku. Ikiwa nayo imepungua, vitamini zinaharibika zikiwa kwenye foleni. Angalia mwanga wa dirishani na joto la trei. Maabara nyingi hutumia vichupa vya rangi ya kahawia na taa za manjano kwa sababu hii.

Shahidi ndani ya kichupa

Swali la shangazi lilikuwa, "Wakikosea tutajuaje?" Jibu lake kubwa liko hapa. Kabla ya kuongeza heksani, fundi huweka katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha kitu kinachofanana na retinoli lakini ambacho hakipatikani katika damu ya kawaida, kwa mfano retinili asetati. Kitu hicho hupitia hatua zote pamoja na retinoli. Kitaalamu ni kiwango rejeleo cha ndani. Sisi katika rasimu yetu tulikiita shahidi, na mafundi walilipenda jina hilo.

Chukua mtoto mwenye retinoli ya 0.80, ambaye ni mzima. Tuseme fundi amemwaga asilimia 20 ya heksani. Bila shahidi, mashine ingesoma 0.64, na mtoto angeandikwa kuwa ana upungufu. Shahidi naye amepungua kwa asilimia 20, kwa hiyo uwiano kati yao haukubadilika, na jibu linarudi 0.80.

Hata hivyo, shahidi naye anaweza kudanganya. Tuseme bomba la kupimia limelegea, nalo linaweka shahidi pungufu kwa asilimia 10 katika kila sampuli ya damu. Uwiano utapanda. Mtoto mwenye 0.65, ambaye ana upungufu, atasomwa 0.72 na kupita. Hakuna kilele kilichopasuka, hakuna shinikizo lililopanda. Kila kitu kwenye skrini kinapendeza. Hiyo ndiyo hitilafu inayoogopwa zaidi, kwa kuwa haipigi kelele.

Kinga yake ni kuweka katikati ya sampuli za watoto sampuli ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani huandaa sampuli rejeleo za seramu ya binadamu kwa ajili ya vitamini hizi, zenye namba 968. Maabara pia hutengeneza plazima yake ya kila siku, huigawa katika vichupa vidogo na kuipima kila mara. Jibu la plazima hiyo likitoka nje ya mipaka iliyowekwa, majibu ya siku nzima husimamishwa. Hali kadhalika, retinoli ya kulinganishia haiaminiwi kwa kuipima uzito tu, kwani huenda imeharibika ndani ya chupa. Nguvu yake hupimwa kwa unyonyaji wa mwanga siku ile ile inapotumika.

Mashine iko sawa, jibu si sawa

Kuna mtego mmoja ambao hakuna fundi wa mashine anayeweza kuutegua. Mtu anapokuwa na maambukizi, mwili hupunguza retinoli katika damu kwa muda, hata kama akiba yake katika ini inatosha. Busia na Tororo ziko katika ukanda wenye malaria nyingi. Mtoto mwenye homa anaweza kupimwa 0.60 kwa usahihi kabisa, na bado jibu hilo lisiwe picha ya lishe yake.

Kwa sababu hiyo watafiti hupima pia alama za uvimbe katika damu. Alama mbili zinazotumika sana ni protini tendaji ya C, inayotiliwa shaka ikizidi miligramu 5 kwa lita, na protini nyingine inayoitwa alfa-1 ya asidi, inayotiliwa shaka ikizidi gramu 1 kwa lita. Zikiwa juu, jibu la retinoli hurekebishwa au kusomwa kwa tahadhari. Kwa vitamini E mambo ni tofauti kidogo: husafiri pamoja na mafuta ya damu, hivyo hulinganishwa na kolesteroli kabla ya kutoa hukumu.

Si kila mradi hutumia mashine hii. Utafiti uliofuatilia mama wa Mama SASHA, uliochapishwa mwaka 2017, uliripoti protini inayobeba retinoli badala ya retinoli yenyewe, na ukaonyesha kwamba kwa mama waliokuwa katika mradi uwezekano wa kuwa na kiwango cha chini cha protini hiyo ulipungua. Protini hiyo hupimika kwa damu kidogo na vifaa rahisi zaidi. Hata hivyo nayo hushuka wakati wa maambukizi, kwa hiyo mtego wa homa unabaki pale pale.

Sarufi ya hitilafu

Tulipoanza kuandika maelezo haya tulidhani tatizo letu lingekuwa istilahi. Hilo lilikuwapo, lakini lilikuwa dogo. Kwa kolamu, mwenzetu mmoja alipendekeza safu, kama ilivyo katika magazeti. Tulipowasomea mafundi, mmoja aliuliza, "Safu ya vichupa au safu ipi?" Neno bomba nalo lilichanganywa na bomba la maji. Tuliacha kolamu, neno wanalolitumia kila siku. Kilele, kwa upande mwingine, kilieleweka papo hapo.

Ugumu ulikuwa katika vitenzi. Tazama sentensi hizi tatu:

Kolamu imeziba.
Kolamu imezibwa.
Kolamu imezibuliwa.

Ya kwanza inaeleza hali, bila kumtaja wala kumdokeza mtendaji. Ya pili inadokeza kwamba kuna aliyeiziba au kilichoiziba, na msomaji atauliza ni nani. Ya tatu, yenye mnyambuliko wa kutendua, inaeleza kinyume kabisa: tatizo limekwisha. Silabi mbili ndizo zinazotofautisha mashine mbovu na nzima. Fundi wa zamu ya usiku akizisoma vibaya, ama ataacha kutumia mashine nzima, ama atadunga sampuli za watoto katika mashine mbovu. Jozi nyingine za aina hii ni funga na fungua, na choma na chomoa. Tunapofundisha kauli ya kutendua, mara nyingi tunatoa mifano ya mlango na kamba. Daftari la mashine ni mfano bora zaidi, kwa sababu hapo kosa la mnyambuliko lina gharama.

Jambo la pili ni kiwango cha uhakika. "Huenda taa imezeeka", "taa itakuwa imezeeka" na "taa imezeeka" si kauli moja. Ya kwanza ni dhana, ya pili ni makisio yenye sababu, ya tatu ni jambo lililothibitishwa. Wanafunzi wetu wengi huandika ya tatu wakikusudia ya kwanza. Ripoti ya namna hiyo humfanya mwingine anunue taa mpya wakati tatizo ni mapovu.

Jambo la tatu ni kiambishi -ki-. Karibu kila agizo la kutafuta hitilafu huwa na umbo la "ukiona hivi, fanya vile": kikipasuka, vikihama, likipanda, kikitoweka. Mwanafunzi anayetafuta matumizi hai ya -ki- ya masharti pamoja na upatanisho wa ngeli, atayapata yote katika ukurasa mmoja wa maelezo ya mashine.

Zoezi la darasani

Tunapendekeza kazi mbili ambazo mwalimu anaweza kuzifanya bila maabara.

Kazi ya kwanza ni ya chaki. Ponda majani mabichi ya mchicha au sukuma wiki, uyaloweke katika spiriti kidogo ya kusafishia vidonda mpaka spiriti iwe kijani iliyokolea. Mimina kwenye sahani kimo cha nusu sentimita, usimamishe kipande cha chaki nyeupe ndani yake. Fanya hivyo penye hewa na mbali na moto. Rangi zitapanda, na baada ya muda kijani na manjano zitaanza kuachana. Kila kikundi kiandike aya moja inayoeleza kilichotokea, kikitumia vitenzi tenga, tengana, tenganisha na tenganishwa mahali pake. Wale ambao rangi zao hazikuachana waandike aya ya hitilafu: walichokiona, wanachokidhania, na kitu kimoja watakachokibadilisha.

Kazi ya pili ni ya mazungumzo. Mwanafunzi mmoja awe mhudumu wa kliniki, mwingine awe mama. Sisi tulianza hivi:

"Habari ya asubuhi, mama."
"Nzuri, daktari. Nimeambiwa mtamtoa mtoto damu."
"Ndiyo, mama, kidogo tu. Tunataka kujua kama chakula anachokula kinampa vitamini A ya kutosha. Je, juma hili amekuwa na homa?"
"Juzi alishinda na joto."
"Vizuri umenieleza, mama. Nitaliandika, kwa sababu homa inaweza kulishusha jibu."

Angalieni kwamba swali la homa limeulizwa kwa maneno ya kawaida kabisa, nalo ndilo linaloziba mtego tulioueleza hapo juu. Hakuna mashine inayoweza kumwuliza mama swali hilo. Linahitaji mtu na lugha ambayo wote wawili wanaielewa, na katika eneo lenye Kisamia, Kiteso, Kijopadhola na Luganda, mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili.

Tamati

Mwanafunzi wetu alirudi Lunyo wakati wa likizo akiwa na rasimu ya makala haya. Alituambia kwamba shangazi yake alisikiliza habari za malori na shahidi mpaka mwisho, kisha akauliza swali jingine: "Basi siku ile mtoto alikuwa na mafua. Waliandika?" Kijana hakujua. Alikwenda naye kliniki kuuliza.

Tunawaomba wasomaji walio karibu na maabara, zahanati au viwanda watuletee maneno ambayo mafundi wanayatumia kila siku, pamoja na sentensi zinazowatatiza. Tutayachapisha katika matoleo yajayo.